Feni inanguruma, fundi anasema tuitoe kabisa: ni sawa kwa Hilux ya dizeli?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi nafanya biashara ya viazi, natoa Njombe napeleka Dar. Nina Hilux singo kebini ya dizeli, injini 5L, inaendeshwa na kijana wangu. Tangu mwezi uliopita feni ya mbele inanguruma kama ndege na mafuta inakula kuliko zamani. Fundi wetu wa hapa anasema dawa ni kuitoa hiyo feni moja kwa moja, kashamtolea mtu mwingine na gari inatembea vizuri tu, na nikitaka ataniwekea kafeni ka umeme ka gari ndogo ya saluni. Nikubali? Na kama ni kutoa, inatolewaje, maana sitaki nirudishiwe gari kuna kitu kimepungua.

JIBU:

Marahaba dada yangu. Nianze na jibu lenyewe ili hata ukiishia hapa usiharibikiwe: feni itolewe, ndio, lakini itolewe ili irudi. Kinachokusumbua ni klachi yake (klachi ya feni, sio ile ya gia), au rejeta yako chafu, na hivyo viwili vinatofautishwa bila hela yoyote, hata wewe mwenyewe unaweza kabla fundi hajashika spana.

Na nimpe haki yake fundi wako kwanza, maana nusu ya alichosema ni kweli. Feni ikinguruma muda wote inakula mafuta, tena sana. Feni inazungushwa na injini, na ukizidisha spidi yake mara mbili nguvu inayonyonya haizidi mara mbili, inazidi mara nane. Kwa hiyo feni iliyoshikana na pulii, dereva akiwa anakimbiza barabarani kule Makambako, inanyonya nguvu ya maana kwenye injini ambayo haina hata turbo. 5L ni jina la injini tu, ukubwa wake ni cc 2986, nguvu yake yenyewe ni ya kuhesabu, ukigawa kidogo kwa feni kijana ataona gari nzito. Na huyo mteja wake aliyetolewa feni na gari inatembea, simbishii hata kidogo. Gari ikiwa na spidi kama kilomita 60 au 70 kwa saa, haina mzigo, hali ya hewa ya Njombe, upepo unaoingia pale mbele kwenye grili peke yake unatosha kabisa kupooza rejeta. Feni hapo ni abiria tu.

Shida ni kwamba gari yako haiishi Njombe.

Hebu fuatilia safari yako mwenyewe. Unatoka huku juu kwenye baridi, unapita Mafinga, Iringa, mpaka hapo hata feni ingekuwa kwenye kiroba nyuma mshale wa joto usingecheza. Unashuka Kitonga na mzigo, mteremko, injini haifanyi kazi kubwa. Ukifika Ruaha Mbuyuni joto linakupokea, hewa inayoingia kwenye rejeta ni ya moto tayari. Alafu Mikumi hifadhini, spidi ina kikomo, na nyuma ya malori mnakwenda polepole zaidi. Alafu usiku au asubuhi mnaingia Kibaha, Mbezi, Kimara, foleni, mnasogea mita kumi mnasimama, upepo wa mbele hakuna kabisa, injini inawaka, na hapo ndio kazi yote ya kupooza inabaki kwa feni, hakuna mwingine wa kumsaidia. Na kurudi sasa, umebeba bidhaa za dukani, unaupanda ule mlima wa Kitonga na gia ya pili nyuma ya semi inayotembea kama mtu anayetembea kwa miguu, injini inatoa nguvu yake yote na gari haina mwendo. Joto jingi kuliko sehemu yoyote ya safari, upepo kidogo kuliko sehemu yoyote ya safari. Feni iliwekwa kwa ajili ya dakika hizo. Fundi wako akiitoa ataijaribu pale mjini Njombe, atazunguka nayo mpaka stendi na kurudi, atakuonyesha mshale uko katikati, na atakuwa hajakudanganya, ila yeye Kimara hayupo.

Kuna na kitu kingine cha huko juu watu hawakiwazi. Njombe iko karibu mita 2000 kutoka usawa wa bahari, maji huko yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, sio 100. Kinachozuia maji ya rejeta yasichemke mapema ni ule mfuniko wa rejeta, unabana presha, ndio maana umeandikwa 0.9 au 1.1 juu yake. Mfuniko ukilegea raba, gari inaweza kuchemsha bila feni kuwa na kosa lolote. Ni kitu cha bei ndogo, angalia raba yake, ikiwa imekauka na kupasuka nunua mwingine wenye namba ileile, usichukue wa namba kubwa ukidhani ndio bora, utapasua hosi paipu.

Sasa hiyo klachi. Ukifungua boneti ukaangalia katikati ya feni, utaona kitu cha duara cha alumini chenye mapezi mapezi, na mbele yake kabisa kuna kaspringi kamejizungusha kama dawa ya mbu ile ya kuwasha. Hicho cha duara ndio klachi ya feni. Ndani yake kuna mafuta mazito ya silikoni. Hako kaspringi kanapigwa na hewa inayotoka kwenye rejeta, hewa ikiwa ya moto kanajipinda, kanafungua kivalvu kidogo ndani, mafuta yanaingia kwenye mifereji, klachi inashika, feni inakimbia na pulii na unasikia ule mngurumo. Hewa ikipoa kivalvu kinafunga, mafuta yanarudi kwenye stoo yake, feni inabaki inazunguka kivivu tu. Kwa hiyo Toyota walishafanya hicho fundi wako anachotaka kufanya, yani feni isile nguvu pale isipohitajika, ila ya kwao inajua pia lini inahitajika.

Mngurumo basi una maana mbili tofauti kabisa na ndio maana nasema usitoe kitu kabla hujajua. Fanya hivi asubuhi, gari imelala baridi. Usiwashe kwanza, ufunguo uwe mfukoni kwako. Shika feni kwa mkono uizungushe. Inatakiwa izunguke kwa uzito kidogo, kama unakoroga uji mzito, ukiiachia inasimama yenyewe haraka. Ikizunguka yenyewe mara tatu nne kama feni ya dari iliyozimwa, mafuta ndani yamekwisha, hiyo klachi imekufa kwa upande wa kutoshika. Ikigoma kabisa kuzunguka, au inazunguka pamoja na pulii na mkanda, imekufa kwa upande wa kushikana. Alafu shika ncha ya jani la feni uisukume mbele nyuma, ikicheza sana beringi ya klachi au ya pampu ya maji imeisha. Angalia pia kama kuna mafuta meusi yamejichora kutoka katikati kwenda nje kwenye klachi, hayo ni silikoni yamevuja na vumbi limeyashika.

Baada ya hapo washa. Itanguruma dakika moja au mbili za mwanzo. Usishtuke, hiyo ni kawaida, usiku kucha mafuta yametulia kwenye mifereji, mpaka yasukumwe yarudi. Baada ya hapo mngurumo unatakiwa ushuke. Ikifika dakika tano injini bado ya vuguvugu tu, asubuhi ya Njombe na baridi yake, na feni bado inanguruma kila ukikanyaga mafuta, basi klachi imeshikana, hiyo ndio kesi yako na ndio mafuta yako yanapokwenda.

Lakini kama asubuhi inatulia vizuri, na inakuja kunguruma ikishatembea na mzigo na kuendelea hivyo hivyo njia nzima, hapo dada klachi ni nzima, tena inafanya kazi kweli kweli, inakwambia hewa inayotoka kwenye rejeta ni ya moto kuliko inavyotakiwa. Hapo kuitoa feni ni kumpiga mlinzi aliyekuamsha. Tafuta kwa nini rejeta ina joto. Na kwa gari ya viazi, inayoingia mashambani, mara nyingi ninachokuta ni matope, majani makavu na wadudu waliojaa kwenye mapezi, hasa kati ya kondensa ya AC (ile inayofanana na rejeta, inakaa mbele yake) na rejeta kama gari ina AC, pale katikati huoni ukiwa mbele na huoni ukiwa nyuma. Waoshaji wetu wanapiga maji ya presha kutoka mbele, wanazidi kushindilia. Rejeta inaoshwa kutokea upande wa feni kuja mbele, maji ya kawaida, presha ndogo maana mapezi yanalala, mpaka maji yanayotoka yawe masafi. Nimeshawahi kupokea gari tatu kwenye wiki moja za kubadilisha klachi ya feni na mbili nikaziosha tu rejeta zikaondoka. Hazikunipa hela ya maana lakini wenyewe mpaka leo ni wateja.

Haya, tuseme jaribio limeonyesha klachi imeshikana. Sasa kutoa, na ufuatilie maana uliuliza usirudishiwe gari imepungukiwa.

Injini iwe imepoa kabisa, ile ya kulala sio ya kupumzika saa moja, na mfuniko wa rejeta haufunguliwi wa moto hata siku moja, maji yanayoruka pale yanatoa ngozi ya uso. Waya hasi wa betri utolewe. Alafu kabla ya kugusa chochote, nati nne zinazoshika klachi kwenye pampu ya maji zilegezwe kwanza WAKATI MKANDA BADO UMEKAZA. Hili ndio kosa la vijana wengi, analegeza mkanda kwanza alafu akigusa nati pulii inazunguka nayo, anaanza kuchomeka bisibisi kwenye majani ya feni ili izuie, jani linapata ufa asiouona, na siku moja kwenye rpm kubwa linakatika linaingia kwenye rejeta. Mkanda ukiwa umekaza, unaubonyeza kwa mkono mmoja, nati inaachia bila ugomvi. Ni nati ndogo, mara nyingi spana namba 10, nyingine 12 ukienda kwenye injini kubwa, na nafasi ni finyu kwa hiyo inatakiwa spana ringi nyembamba, sio plaizi. Akija na plaizi mwambie apumzike.

Zikishalegea zote nne bila kutolewa, ndio anatoa bolti za kava la feni, ile plastiki kubwa ya duara inayoizunguka feni, anaisukuma nyuma iegemee injini. Kwenye gari nyingine inabidi hosi paipu ya juu itoke ili kupata nafasi, basi kulanti, yani maji ya rangi ya rejeta, ichukuliwe kwenye ndoo safi isimwagwe chini, ni hela hiyo na mbwa wakiinywa wanakufa. Alafu aweke kipande cha boksi gumu kati ya rejeta na feni. Boksi la sabuni linatosha. Nimeona rejeta nzima imetobolewa na ncha ya feni iliyoponyoka mkononi, kazi ya nusu saa ikawa ya siku mbili. Ndio sasa mkanda unalegezwa, nati zinamaliziwa kutoka, na feni na kava vinanyanyuliwa pamoja kwa wakati mmoja kwenda juu, maana ukijaribu kimoja kimoja vinakabana.

Hapo kuna jambo. Stadi zile nne, yani vile vyuma vyenye meno vinavyoingia nati, zinazoshika feni ndizo hizo hizo zinazoshika pulii ya pampu ya maji. Feni ikitoka pulii nayo inabaki haijashikwa na kitu. Kwa hiyo huyo anayesema anatoa feni moja kwa moja, muulize pulii ataishikaje, kwa sababu stadi zimekatwa urefu wa kupitisha na klachi. Wengine wanaweka rundo la washa, wengine wanarudisha nati mpaka inaishia pasipo na meno wanadhani imekaza. Pulii ikianza kucheza inakula pampu ya maji. Na ule mkanda, yani ile mikanda miwili ya mbele, hauzungushi pampu ya maji tu, unazungusha na alternata, na kwenye hizi dizeli za Toyota nyuma ya alternata kuna pampu ya vakyumu ya breki. Mkanda ukikatika au pulii ikitoka ukiwa unashuka Kitonga, umepoteza maji, chaji na ulaini wa breki kwa mpigo. Pedali inakuwa ngumu kama unakanyaga jiwe. Sikutishi, ila ndio muunganiko wa hiyo injini ulivyo.

Klachi ikiwa nje isilazwe chali juu ya meza. Isimamishwe vile inavyokaa kwenye gari, iegemezwe ukutani, vinginevyo silikoni inahama inaingia kwenye beringi. Na feni ikiwa nje ndio wakati wa kuangalia pampu ya maji bure kabisa, izungushwe kwa mkono isikilizwe, itikiswe, na chini yake kuna katundu kadogo, kakiwa na alama ya maji yaliyokauka, rangi ya kulanti, pampu inaelekea mwisho, badilisha papo hapo usije ukalipa ufundi huo huo mara mbili. Mikanda nayo ikiwa na nyufa badilisha yote miwili pamoja, usichanganye mpya na wa zamani, mpya utabeba kazi yote.

Klachi ya kuweka, mpya ni bora, lakini najua hali, wengi tunakwenda kwenye zilizotumika kule Gerezani. Ukichagua iliyotumika, izungushe mkononi usikie ule uji mzito, isiwe na mkwaruzo, isiwe na mafuta yaliyovuja, na kale kaspringi ka mbele kawe kamekaa kwenye kishikio chake hakajang'olewa, na uiangalie wameitunza vipi, zilizolala chali miaka kwenye rafu ya chini mimi siziamini. Zipo klachi zinazofunguka ukaongeza silikoni, inauzwa kwenye vichupa vidogo vya mililita 18, ina uzito tofauti tofauti, sio mafuta yoyote mazito tu. Nimekuta ndani ya klachi mtu ameweka grisi. Grisi! Ilishika vizuri sana, haikuachia tena.

Wakati wa kurudisha, majani ya feni yana mbele na nyuma. Mara nyingi kuna maandishi yanayotakiwa kutazama mbele au nyuma, fundi aweke alama kwa chaki kabla hajaitoa kwenye klachi. Watu wanadhani ukiigeuza itapuliza kwenda mbele, hapana, upepo utaelekea kulekule ila dhaifu, na ndio ubaya wake maana hutagundua, utaisikia inazunguka, utaona upepo, na Kitonga itachemsha. Nati zote nne zianzwe kwa vidole, zikazwe kwa msalaba, bila hasira, stadi ni ndogo zinakatika. Alafu kava la feni LIRUDI. Hiki ndicho kitu ambacho nina uhakika utarudishiwa gari kimepungua, maana kava ni usumbufu kulirudisha na gari inawaka bila hilo. Bila kava feni inavuta hewa ya pembeni, ya moto ileile ya injini, inaacha kuvuta kupitia rejeta. Hesabu bolti zake, mara nyingi ni nne. Kabla hajawasha azungushe feni kwa mkono mzunguko mzima asikie kama inagusa kava.

Hiyo yote ni kazi ya saa moja na nusu kwa mtu asiye na papara. Ukiona siku nzima, kuna kitu kimevunjika hujaambiwa.

Nitoke kidogo nje ya Hilux kwa sababu najua wengine wataipeleka hii kwenye gari zao. Wenye Land Rover Defender 300Tdi, feni yenu haina nati nne, ina nati moja kubwa namba 32 nyuma ya klachi na uzi wake ni wa kinyume, unaifungua kwa kuelekea kulia ukiwa umesimama mbele ya gari. Nimeona vijana wawili na bomba la mita wanaikaza mpaka wanahema wakidhani wanaifungua.

Sasa hako ka umeme ka saluni. Sipingi feni ya umeme kama feni ya umeme, magari mengi ya siku hizi yanatumia na yako sawa. Ila piga hesabu. Ka saluni kanakula kama ampia 10 mpaka 15, kwa volti 12 hiyo ni wati 120 mpaka 180. Feni yako ya injini ikishika sawasawa inanyonya kilowati kadhaa. Wati 150 haziwezi kusukuma upepo wa kilowati, hakuna uchawi hapo, ndio maana inaonekana inaokoa mafuta, inaokoa kwa sababu haifanyi kazi. Wanaofanikiwa wanaweka feni mbili kubwa zenye kava linaloziba rejeta yote, sensa yake, rilei, fyuzi, waya mnene, na alternata inayoweza kuzibeba, na ukibadilisha alternata kumbuka ile pampu ya vakyumu ya breki nyuma yake. Ukimaliza kulipa vyote hivyo klachi ungenunua ukabakiwa na chenji. Na wengine wanafunga kwa swichi ya dashbodi, dereva akisahau kuwasha imekula kwako. Wengine wanageuza waya, inapuliza mbele kupigana na upepo wa gari.

Kuna na dawa nyingine utakayoambiwa, kuchomelea klachi au kuitoboa na kuifunga bolti ili ishike moja kwa moja. Njiani, klachi imekufa ya kutoshika, umebaki Ruaha Mbuyuni na mzigo, sawa, fanya ufike. Ukifika toa. Ni tatizo lako lilelile la sasa hivi la mngurumo na mafuta, ila la kujitengenezea. Na usikubali themostati, kile kivalvu kinachofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata moto, itolewe eti gari ipoe zaidi. Themostati za hizi dizeli nyingi zina sahani ya pili chini inayoziba njia ya mkato, ukiitoa maji mengi yanazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, unaweza kuchemsha zaidi kuliko mwanzo.

Mahali pekee ambapo mimi mwenyewe nilikuwa naona watu wanatoa feni kwa akili ni kuvuka maji. Masika, mto umepanda mpaka kwenye bampa, unasimama kabla ya kuingia, unazuia feni isizunguke au unaitoa, kwa sababu majani yakipiga maji kwa kasi yanajipinda mbele yanachana rejeta. Ukivuka unarudisha.

Nikwambie gharama ya upande wa pili ili ukipatana na fundi uwe na picha. Miaka ya nyuma nikiwa bado spana boi, gereji niliyokuwa tulimtolea mzee mmoja feni kwenye Hilux yenye injini 3L, sababu hiyo hiyo, mngurumo. Alikaa miezi minne anatusifia. Mwezi wa tano akapanda mlima na mbao, mshale ukapanda, akaendelea maana alikuwa karibu kufika juu, alafu mshale ukashuka wenyewe akafurahi. Kumbe maji yalishaisha, na sensa ikiwa kwenye mvuke badala ya maji inasoma chini. Hedi ilipasuka katikati ya valvu, na gasketi ikaenda nayo. Hizi injini za L zina tabia hiyo, hazisamehi joto. Alikuja kwa kuvutwa, na mimi ndiye nilifungua ile hedi. Mwambie kijana wako hilo la mshale, ukipanda sana alafu ukashuka ghafla bila yeye kusimama, asimame hapo hapo.

Na akianza kuona unapanda, asisubiri. AC izimwe, hita ya ndani ifunguliwe mwisho na feni yake, ndio, kwenye jua, atatoa jasho lakini ile ni rejeta ndogo ya pili. Arudishe gia moja chini, injini izunguke kwa wepesi badala ya kuvuta kwa kunguruma chini chini, pampu ya maji na feni zote zinakimbia zaidi. Isiposhuka apaki pembeni, aache inawaka sailensi, bila kukanyaga mafuta, kama maji bado yamo, azime kama yameisha, na asimwagie maji ya baridi injini ya moto hata wapita njia wamshauri vipi. Na lumbesa dada, najua soko linavyotaka, lakini ile singo kebini ni ya tani moja.

Kwa hiyo kesho asubuhi kabla gari haijawashwa, nenda ukazungushe hiyo feni kwa mkono wako mwenyewe, alafu niandikie ilivyokuwa, ilizunguka na uzito au iligoma, na baada ya dakika tano mngurumo ulishuka au haukushuka. Nipige na picha ya rejeta kwa mbele, nataka kuona katikati ya kondensa pale. Ukiniambia hivyo viwili nitakwambia ununue klachi au ununue sabuni.